Kabla hujapandisha nguvu, panda paani ukatazame

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kufunga mitandao hapa Dodoma, nimeletewa tena ile picha ya kipimo cha spidi na swali lake: "Kaka, linki imeshuka, tununue antena kubwa?" Linki ni ya redio mbili zinazorushiana mtandao kutoka jengo hadi jengo, na majengo yenyewe yanatazamana, ukiita huku unaitikiwa kule. Antena kubwa ya nini?

1. Soma redio kwanza. Kipimo cha spidi kinapita kwenye raouta, swichi na kwa mtoa huduma, kwa hiyo hakikuonyeshi ugonjwa uko wapi. Ingia kwenye redio usome dBm, yaani nguvu ya mawimbi yanayopokelewa (namba ni hasi, ikikaribia sifuri nguvu ni kubwa zaidi), pande zote mbili. Kwa mita 200 na antena za kuelekeza za masafa ya 5 GHz, -45 hadi -60 mko vizuri. Ikisoma -75, ama antena imegeuka (upepo wetu wa kiangazi mnaujua, na nati mnazikaza kwa vidole) ama kuna kitu katikati. Ikipanda hadi -30 msishangilie, punguzeni nguvu. Redio zinazibana masikio.

2. Chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho redio zenu zinatumia. 2.4 GHz mjini sahauni: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na kila fremu ya duka ina raouta yake. Nendeni 5 GHz, upana wa chaneli wa MHz 20 au 40. Najua mnapenda 80 kwa sababu namba ni kubwa, lakini kila ukizidisha upana mara mbili, kelele inayoingia inapanda dB 3, yaani maradufu.

3. Njia iwe wazi. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Ilikuwa shule moja, jina niachieni. Uhasibu jengo hili, maktaba jengo lile, katikati mbuyu. Tulifunga Agosti, mbuyu ukiwa matawi matupu, dirisha la maktaba unaliona lote. Nikalenga, ikasoma -52, mkuu wa shule akaagiza soda. Desemba mvua zikaja, mbuyu ukavaa majani. Mhasibu akaanza kupiga simu, mfumo wa ada haufunguki. Mimi, kwa uvivu wa kwenda, nikaingia kwa mbali nikapandisha nguvu hadi mwisho. Ikatulia. Mvua ikanyesha, majani yakalowa, ikakata. Nikabadilisha chaneli. Nikalaumu programu ya redio, nikaisasisha, ya maktaba ikagoma kurudi. Nikaandika kwa lugha ya kitaalamu kabisa kwamba vifaa havina uwezo, shule inunue dishi kubwa. Wakanunua! Siku ya kulifunga ndipo nilipopanda paani mara ya kwanza tangu Agosti, nikainama usawa wa antena, nikatafuta maktaba. Hakuna maktaba. Majani matupu, na dishi limelala chini kwenye boksi, risiti imebandikwa juu.

Nilifufua redio iliyogoma, nikahamisha zote mbili hadi kona za pili za mapaa, ikasoma -50. Redio zilezile za mwanzo. Dishi liko stoo mpaka leo, na mtunza stoo analiita kwa jina langu.

Maji hunyonya mawimbi ya 5 GHz, na majani mabichi yamejaa maji. Tena kuona dirisha la pili hakutoshi, kwa sababu mawimbi hayapiti kama uzi, yana tumbo, yanatanuka katikati. Kwa mita 200 kwenye 5.8 GHz, tumbo hilo, eneo la Fresnel, lina nusu kipenyo cha mita 1.6 hivi pale katikati, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Ukifunga kiangazi, muulize mlinzi huo mti unafananaje Februari.

4. Waya wa nje uwe wa nje, shaba kweli, kutoka swichi hadi redio usizidi mita 100. Uning'inie kitanzi kabla ya kuingia ukutani, maji yadondoke hapo. Ethi, waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini, ifungwe kabla ya radi, siyo baada ya swichi kuungua.

5. Ukibadilisha nywila au upana wa chaneli, anza na redio ya mbali. Ukianza na ya karibu, ya mbali inabaki na mipangilio ya zamani na wewe unaenda kuazima ngazi.

6. Wakiruhusu kuchimba mtaro, lazeni faiba, waya wa kioo unaobeba mwanga, muachane na habari za redio. Najua haina picha nzuri ya kuweka status ukiwa juu ya bati, lakini haibebi radi na mbuyu haiusumbui.