Neno "needy" kwenye barua ya mwanafunzi

Mwalimu, umeuliza kama ni sawa kumwita mwanafunzi wako "needy" kwenye barua ya kumwombea ufadhili wa chuo Marekani. Nakusihi usiandike hivyo. Hapa Kenya fomu za basari zimelizoea neno hilo na hakuna anayeshtuka. Maana yake ni mhitaji, basi. Lakini Mmarekani au Mwingereza akisikia mtu mmoja anaitwa "needy", mara nyingi anamwona king'ang'anizi: yule anayepiga simu mara kumi kwa siku kuuliza kama bado anapendwa. Hutaki mtoto wa watu atangulizwe na sifa hiyo. Likitajwa kwa kundi, "the needy", au kwa familia, "a needy family", bado ni umaskini tu.

Wewe eleza hali yenyewe: mama anauza mboga, karo ya muhula uliopita bado ni deni. Ukitaka neno la kiofisi, andika kwamba ana "financial need" au anatoka "a low-income family". Ndiyo lugha ya fomu zao. "Underprivileged" pia linaeleweka, ila mimi silipendi, linamtaja mtoto kwa alichokosa.