Jibu: Sauti inakatika nikipanda juu

Dada angu, umeuliza kwa nini chini unaimba vizuri ila ukipanda sauti inakatika, na kama kutafuna tangawizi kutasaidia. Tangawizi haifiki kwenye nyuzi za sauti, ukimeza inapita njia ya chakula na nyuzi ziko njia ya hewa. Zenyewe ni mikunjo miwili midogo tu kooni, hewa ikipita zinagongana, na ukiimba noti A, ile wanamuziki wanaiita 440, ujue zinagongana mara 440 kwa sekunde moja! Sasa ili upande inabidi zivutike ziwe ndefu na nyembamba, we unasukuma hewa kwa nguvu zinabaki nene mpaka zinashindwa, ndo hapo inakatika.

Kwaya yetu hapa Ngamiani kuna binti alikuwa hivyohivyo, akifika juu mshipa wa shingo unamtoka na kidevu kinanyanyuka kama anachungulia ukutani. Nilimpa mrija na glasi ya maji, mrija uzame kama vidole viwili, avumishe "uuu" kutoka chini kwenda juu na kurudi, mapovu yatoke sawasawa bila kurukaruka. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Mapovu yakichachamaa tu anajua kasukuma, anapunguza. Sahivi anapanda laini kabisa, nafurahi kweli kila nikimsikia.

Ila ukisikia maumivu acha hapohapo, na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usisubiri aisee.