Maswali ya Wasomaji: Jumamosi ya Novemba, Tutoke au Tukae?

Tangu kusi, upepo wa msimu kutoka kusini, lianze kulegea tumepokea maswali mengi kutoka kwa wavuvi na wenye boti ndogo, hasa wale wanaotoka mwisho wa wiki. Tumechagua haya, kutoka Tanzania na Kenya.

Shikamooni. Nina boti ya faiba ya mita 6 yenye mashine ya HP 25 hapa Kigamboni. Siku za kazi niko ofisini, bahari yangu ni Jumamosi na Jumapili tu. Wazee wananiambia hii ni tanga mbili, bahari imelala. Simu inasema upepo ni noti 12. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo inasema kilomita 30 kwa saa na mawimbi ya mita 1.5. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Kigamboni*

Marahaba, ndugu yetu. Wasikilize wote watatu, kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Wazee wanazungumzia msimu, nao hawakukosea. Kusi lililoshika tangu Aprili limechoka, na kaskazi, upepo wa msimu kutoka kaskazini, kwa kawaida halijashika sawasawa mpaka Desemba. Kati yake upepo hauna mwenyewe: unaweza kwenda kwa tanga na ukarudi kwa tanga. Lakini upepo mkuu ukilegea, upepo mdogo wa kila siku ndio unaotawala. Alfajiri kuna umande utokao bara, mwepesi, na maji ya karibu na ufuo huwa kama kioo. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, na kuanzia saa nne hivi upepo unageuka na kuingia kutoka baharini. Unaongezeka hadi saa nane, na mara nyingi haushuki mpaka saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Kwa hiyo ukiona simu imeandika noti 12 kwa siku nzima, hiyo haikufai. Fungua taarifa ya saa kwa saa, uangalie saa utakayorudi, si saa utakayotoka. Wanaotoka Jumamosi huangalia asubuhi kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho yao.

Pili, vipimo. Noti ni maili ya bahari kwa saa, sawa na kilomita 1.85. Noti 12 ni kilomita 22 kwa saa, na kilomita 30 ni noti 16. Simu huonyesha wastani wa eneo kubwa, mara nyingi mraba wa kilomita 10 hadi 25 kila upande, na haioni wingu moja la vuli. Tazama pia mstari wa vishindo vya upepo. Kishindo kikizidi wastani kwa nusu yake au zaidi, hewa ya siku hiyo haijatulia. Hapo panga kwa kishindo, usipange kwa wastani.

Tatu, mawimbi, na hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa. Mita 1.5 si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi makubwa. Ukikaa baharini saa kadhaa utakutana na wimbi moja moja linalokaribia mara mbili yake, yaani mita 3. Tena uangalie sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kwa sekunde 11 ni mlima mpana, boti inapanda na kushuka bila taabu. Mita 1.5 kwa sekunde 5 ni ukuta, omo (mbele ya boti) inapiga, maji yanaingia, na aliyekaa mbele anaumia mgongo. Taarifa ya mita 1.5 huhusu bahari wazi. Nyuma ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na ndani ya miamba kwa jumla, utakuta pungufu.

Kwa boti kama yako tungeamua hivi: upepo hadi noti 12 na mawimbi hadi mita 1, toka hata nje ya mwamba ukiwa na mwenzako. Noti 13 hadi 16, vua ndani ya miamba na urudi kabla ya saa saba. Zaidi ya hapo, osha boti. Macho nayo ni kipimo: povu jeupe likiwa hapa na pale juu ya maji, upepo ni kama noti 8 au 10. Likiwa kila mahali, umeshapita 12.

Mamlaka hutoa tahadhari kwa ngazi, kuanzia angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Onyo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 limezoeleka mpaka watu wanalipita, na hilo linatusikitisha sana. Kilomita 40 ni karibu noti 22, na hakuna boti ya mita 6 yenye shughuli huko. Soma taarifa Ijumaa jioni, uisome tena Jumamosi kabla ya kushusha boti. Zikitofautiana sana, chukua iliyo mbaya.

Habari za kazi. Sisi ni wavuvi wawili wa Kilifi. Tukitoka alfajiri mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ni shwari. Tukirudi saa kumi na moja jioni mawimbi yamesimama wima pale pale, na upepo wala si mkali. Tena si kila wiki. Ni nini?
*Wasomaji, Kilifi*

Ni maji na upepo kugombana. Hori linapokupwa, maji yote yaliyoingia hutoka kwa mlango mmoja mwembamba kuelekea mashariki. Upepo wa alasiri unatoka mashariki. Wimbi linaloingia likikutana na mkondo unaotoka, hufupika, huinuka na kuvunjika. Upepo wa noti 12 tu unatosha kufanya mlango usipitike kwa mashua ndogo. Alfajiri upepo ni wa bara na unafuatana na maji, ndiyo maana mnaona shwari.

Na kwamba si kila wiki, ni kwa sababu ya mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huwa kali siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Kwetu pwani, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne au tano. Sasa hesabuni: saa kumi na moja jioni maji yameanza kutoka, na upepo bado uko juu. Mmerudi saa mbaya kabisa. Wiki ya maji mafu, siku ya 8 au ya 22 hivi tangu mwezi kuandama, maji hujaa saa nne asubuhi na tofauti ya kujaa na kupwa huenda isizidi mita moja, kwa hiyo mlango hauna hasira.

Mkondo hauendi kwa mwendo mmoja. Chukueni bamvua la tofauti ya mita 3.6 na muigawe mara kumi na mbili, kila fungu sentimita 30. Saa ya kwanza ya kupwa hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani katika saa ya tatu na ya nne maji hushuka sentimita 90 kila saa, na hapo ndipo mlango unapochemka. Kama maji yamejaa saa kumi, wakati huo ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Kwa hiyo anayesema "tusubiri kidogo nje patulie" anasubiri pazidi kuwa pabaya, tena gizani.

Ingieni katika saa ya mwisho ya maji kujaa, hapo kati ya saa tisa na saa kumi. Kumbukeni kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku: kama Jumamosi ni saa kumi na dakika 10, Jumapili ni saa kumi na moja kamili. Mkichelewa, jikingeni nyuma ya mwamba mpaka maji yaishe nguvu, karibu saa nne usiku, upepo ukiwa umeshuka.

Mkilazimika kuingia, vaeni majaketi kabla, kusanyeni kamba zote zisinase rafadha (propela ya mashine), na uzito usogee nyuma kidogo ili omo isizame. Kaeni mgongoni mwa wimbi moja na muende nalo kwa mwendo wake. Mkilipita, omo inachimba mbele na mashua inageuka ubavu. Mkilegeza mno, la nyuma linawaangukia juu ya tezi, yaani nyuma ya chombo. Wala msigeuze katikati ya mlango.

Jambo hilo hilo liko Pangani, na kule mvua za vuli zikijaza mto, mkondo wa kutoka huwa mrefu na mkali zaidi.

Assalaam alaykum. Mume wangu na wanangu wawili huvua mshipi kwa ngalawa. Mwezi huu wa vuli mawingu yanawakuta ghafla. Naomba dalili na la kufanya, nami nitawasomea.
*Mama, Wete, Pemba*

Wa alaykumu salaam, mama yetu. Wasomee taratibu, kwa sababu jambo hili ndilo linaloua watu Novemba kuliko upepo wa msimu.

Wingu la kuogopa lina tumbo jeusi na kichwa kirefu kinachotandazika juu, na chini yake pazia la mvua. Mvua ikishuka huburuta hewa baridi. Hewa hiyo ikifika majini hutawanyika mbele ya wingu. Ndiyo maana kwanza upepo hufa kabisa, joto huwa zito, kisha hupiga ubaridi wenye harufu ya mvua kutoka upande wa wingu. Ubaridi ule ukigusa shavu, zimebaki dakika chache. Upepo unaweza kutoka noti 5 hadi 30, ukadumu dakika 20 mpaka 40, halafu ukaisha.

Umbali hupimwa kwa radi. Wahesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, wagawe kwa 3, wapate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Wingu likitembea kilomita 30 kwa saa litafika kwa dakika 20. Ngalawa yenye mwendo wa noti 4 itakwenda kilomita 2 na nusu kwa muda huo. Basi kama ufuo uko mbali kuliko kilomita 2, wasishindane nalo. Wakishindana litawakuta tanga liko juu.

Washushe foromali (mti unaobeba tanga) mapema, tanga likunjwe na kufungwa chini. Wakague kamba za rengu (miti ya ubavuni mwa ngalawa), hasa upande uliolegea kwa jua. Upo, kile chombo cha kufulia maji, ufungwe kwa kamba, kwa sababu ukipeperuka hakuna cha kutolea maji. Kisha nanga, nayo itoke omo. Nanga ikifungwa tezi, wimbi linapanda nyuma na chombo kinajaa kwa mawimbi mawili matatu. Kamba iwe mara 5 ya kina, na upepo ukiwa mkali mara 7: kina cha mita 10 kinataka mita 50 hadi 70. Kamba fupi hunyanyua nanga badala ya kuilaza. Pakiwa na kina kirefu, wafunge ndoo imara au kikapu kwenye kamba ya mita 30 na kukitupa mbele. Kitapunguza mwendo na kuiweka omo kwenye upepo. Watu wakae chini kabisa, mbali na mlingoti kwa ajili ya radi, na aliye mdogo avae jaketi kwanza.

Mashine ya HP 15 ya viharusi viwili, kutoka Bagamoyo kwenda fungu la mchanga, saa moja kwenda na saa moja kurudi. Nibebe petroli kiasi gani?
*Msomaji, Bagamoyo*

Ikifunguliwa yote, mashine hiyo hula karibu lita 6 hadi 7 kwa saa. Safari ni lita 13, na akiba ya nusu yake inafanya lita 20. Kurudi dhidi ya upepo hula zaidi ya kwenda, akiba ni kwa ajili hiyo. Fuata kitabu cha mashine kwa oili. Kwa nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli.

Kinachozima mashine sana mwezi huu ni maji ndani ya petroli. Dumu lililobaki nusu hutoa jasho ndani usiku. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, uiache dakika chache. Maji yatakaa chini. Tena Ruvu ikijaa hutema magogo baharini. Beba pini mbili za rafadha, plagi na spana yake, na ufunge kamba ya kuzimia mashine mkononi.

Vimbunga vinatuhusu Novemba huku kusini?
*Msomaji, Mtwara*

Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kuisha Aprili, lakini vilivyotugusa vilikuja mwishoni au baada yake kidogo: Kenneth ilipiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani yenu, Aprili 2019, na Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Novemba kimbunga kufika Mtwara ni nadra. Kinachofika ni wimbi lake refu. Likipishana kwa sekunde 12 au zaidi, katikati ya bahari hutaliona, jua linawaka na upepo hakuna. Ila linapofika kwenye mwamba wenye kina kidogo linainuka na kuvunjika kwa nguvu. Siku kama hiyo simama ufukweni dakika 15 kabla ya kutoka, utazame mwamba wa nje, kwa sababu mawimbi hayo huja kwa makundi na kati yake bahari hudanganya. Wanaochokoa pweza nao wasigeuzie bahari mgongo.