Mnanaa haufi kwa baridi, kazi ni kuuzuia

Dada, umesema umehamia Minnesota, Marekani, na unaogopa mnanaa wako utakufa theluji ikianguka. Usihofu. Majani yatakauka yote, utabaki na vijiti vyeusi tu, udhani umekwisha. Usiung'oe! Mizizi iko hai chini, na theluji yenyewe ni blanketi. Baridi ikiachia utaona vichipukizi vya rangi ya zambarau vikitoboa udongo, tena vingine hatua nzima kutoka pale ulipopanda.

Hapo ndipo penye kazi. Mnanaa hutambaa kwa mashina meupe yanayopita chini kwa chini kama waya. Wangu uliingia kwenye nyanya msimu wa pili tu. Nikachukua jembe nikaukatakata, kumbe ndiyo nauzidisha: kila kipande chenye pingili kilichipua upya.

Tafuta ndoo ya plastiki ya lita 20, itoboe matundu chini, ifukie ukiacha mdomo kama sentimita 5 juu ya udongo, halafu panda humo ndani. Shina likiruka ukingo, kata siku hiyo hiyo. Ndoo usiiache juu ya ardhi majira ya baridi, maana huko mizizi hupigwa na barafu pande zote. Kila baada ya miaka 2 au 3 mnanaa utakuwa umesongamana. Ung'oe, rudisha kipande kimoja chenye afya, vingine wape majirani, ila waambie kwanza wanapokea nini.