Kabla Hamjanunua Programu ya Ofisi

Juzi dada mmoja wa Singida ameniandikia kwamba shirika lao limepata fedha kidogo za vifaa. Mkurugenzi anataka mfumo wa kuwawezesha wafanyakazi kushirikiana kazini na kufundishana. Wanunue upi?

Dada yangu, msinunue kwanza. Sisi hapa Dodoma tunahudumia wakulima wa zabibu, na tunatumia MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia: kurasa ambazo watu wanaandika na kuzihariri kwa pamoja. Ni ya bure, na inakaa kwenye kompyuta moja ya ofisi hata intaneti ikikatika. Niliiweka mwenyewe jioni, baada ya saa za kazi, huku wenzangu wakinong'ona kwamba natafuta cheo.

Hapo awali kila mtu alikuwa na folda zake. Ripoti za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mizabibu, ziko huku, picha za majani ziko kwenye simu ya mtu, bei za dawa anazo mhasibu, na sababu ya kuacha dawa fulani anaijua afisa ugani mmoja tu. Akahamishwa. Msimu uliofuata aliyempokea akaagiza dawa ileile. Jibu lilikuwemo kwenye grupu la WhatsApp, limefukiwa na salamu za asubuhi na michango ya harusi.

Machi 1989, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lililokuja kuzaa wavuti, na kero yake ilikuwa hiyohiyo: watu wakikaa miaka miwili wakaondoka, taarifa zinapotea kila siku. Alisema mpangilio wa matawi, folda ndani ya folda, haufanani na kazi yenyewe ilivyo. Alitaka ukurasa wowote uweze kuunganishwa na mwingine wowote. Mkubwa wake aliandika juu ya karatasi kwamba wazo halijakaa wazi ila linasisimua. Mimi hata hilo sikuandikiwa.

Ukurasa wetu wa ubwiriunga una picha za majani, sauti ya mzee wa Hombolo akieleza kwa Kigogo dalili anazoziona mapema, linki ya bei, na linki ya ukurasa wa uamuzi. Huo wa uamuzi ndio roho ya mfumo: swali lilikuwa nini, nani alisimamia lipi, kwa hoja gani. Sikuubuni mimi. Mwaka 1988 Conklin na Begeman, kule Texas, walieleza mfumo wao wa gIBIS uliopanga mijadala ya wabunifu kwa namna hiyo.

Kasoro ipo: maafisa wakiwa vijijini hawaupati mfumo wetu mpaka warudi mjini.

Lakini mwezi uliopita mkulima alikuja ofisini na majani yake kwenye rambo, akamkuta kijana aliyetoka chuo majuzi. Kijana akafungua ukurasa, akalinganisha picha, akafuata linki, akamjibu bila kumpigia mtu simu. Kisha akaongeza picha yake. Nilikuwa meza ya pili, najifanya nasoma barua.

Kwenye mkutano wa mwaka, shukrani za "mageuzi ya kidijitali" alipewa mshauri aliyekuja kutoa semina moja tu. Nilipiga makofi kama wengine.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Wengi tunaficha tunachokijua ili tutafutwe. Simu ikiita tukiwa likizo tunanung'unika, kumbe moyoni tunafurahi. Programu gani itaponya hilo? Andikeni. Andikeni sababu, si matokeo peke yake. Mwachieni kila mtu ahariri, hata mlinzi. Mfumo unatunza nakala za zamani na unaonyesha nani kabadilisha nini, kwa hiyo hofu ya kuharibiwa kazi ni kisingizio tu. Na wekeni linki. Ukurasa usio na linki ni faili jingine tu la masijala.

Dada, anzeni na swali linalowachosha wote. Letu lilikuwa la kurejesha masurufu. Mhasibu ndiye aliyepinga kuliko wote, na sasa ukurasa ule hamwachii mtu: utaratibu ukibadilika asubuhi, saa sita ameshauhariri.