Golikipa, anza ukocha ukiwa bado langoni

Wengi hudhani golikipa akistaafu kazi inayomfaa ni moja tu, kuwanoa makipa wenzake. Mimi nimedaka miaka mingi katika ligi za chini hapa Kenya, sasa nafundisha vijana, na dhana hiyo siikubali hata kidogo. Mtazameni Jacob “Ghost” Mulee. Alikuwa kipa, na ndiye aliyeiongoza timu yetu ya taifa, Harambee Stars, kule Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 2004. Tulifungwa 3-1 na Mali, kisha 3-0 na Senegal, safari ikawa imekwisha. Lakini mechi ya mwisho vijana wale wale waliilaza Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza katika fainali hizo. Kuwainua wachezaji waliokwisha kutolewa ni kazi ngumu, na kwangu mimi hapo ndipo kocha anapopimwa.

Ewe kipa kijana, shule yako ya ukocha ni hapo ulipo, langoni. Krosi ikija kutoka kulia kwako, namba tatu, yaani beki wa kushoto, huukodolea macho mpira akamsahau mshambuliaji anayenyemelea nyuma yake. Yeye hamwoni, wewe unamwona. Ukipiga kelele “Angalia!” hujamsaidia, maana hajui aangalie wapi. Sema “Tatu, mgongoni, rudi!” na useme mapema, kabla mpira haujapigwa. Maneno machache, yenye jina na kazi. Nikiwa pembeni ya uwanja leo natumia sauti ile ile, na vijana wanaifuata.

Tunakopungukiwa sisi makipa ni kuuelewa mchezo wa mbele. Ndiyo maana nilikuwa namwomba kocha anichezeshe kiungo kwenye mechi ndogo za mazoezini, nikajua jinsi mtu anavyobanwa akiwa ameligeuzia goli mgongo. Kaa pia na washambuliaji, waulize kwa nini walikimbilia nguzo ya kwanza na si ya pili. Ukiwekwa benchi usinune: chagua mchezaji mmoja umfuatilie kipindi kizima, hasa wakati hana mpira.

Na leseni ya ukocha usiicheleweshe. Kozi ya leseni D ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, unaweza kuifanya ungali unacheza, kisha uombe timu ya watoto wa mtaani kwako. Chukua timu nzima, si makipa peke yao.