Nyuki anatoka na ukungu kila picha: tafuta mwanga kabla ya lenzi mpya

Ndugu, umesema una lenzi ya mm 50 na pete tatu za kurefusha lenzi (zinakaa kati ya lenzi na kamera), za mm 12, 20 na 36. Nyuki kwenye ua anatoka na ukungu kila mara, na unauliza kama ununue lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya mm 100. Kwa sasa tunza hela yako. Vifaa ulivyonavyo vinatosha kumwonyesha nyuki hadi vinyweleo vya kichwani. Kinachokosekana ni mwanga.

Fungua picha moja mbovu kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, uichunguze. Ukungu uko wa aina tatu na kila aina ina dawa yake. Ukiona kila kinyweleo kimegeuka kuwa mstari, na mistari yote inaelekea upande mmoja, kuna kitu kilitikisika: mkono au ua. Ukiona macho hayasomeki lakini bawa, au petali iliyo nyuma yake, imetoka kali kabisa, fokasi ilikosa shabaha. Na kama hakuna sehemu hata moja iliyo kali, picha nzima imelainika sawasawa kama iliyopakwa mafuta mepesi, uliziba mno tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga na kupimwa kwa namba za f: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Hili la tatu linawapoteza wengi, kwa sababu tumezoea kuambiwa tuzibe tundu ili tupate kina, yaani unene wa eneo linalotoka kali mbele hadi nyuma. Katika ukuzaji wa 1:1, yaani mdudu anapoangukia kwenye sensa (kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) kwa ukubwa wake halisi, tundu linafanya kazi kama namba iliyo mara mbili ya ile unayoisoma. f/11 inakuwa kama f/22, f/16 kama f/32. Mwanga ukipenya kwenye kitundu kidogo namna hiyo unatawanyika, na makali yanapotea picha nzima. Faida yenyewe ni ndogo: kwa sensa ya mm 36 kwa 24, f/8 inakupa kina cha takriban milimita 1, na f/16 takriban milimita 2. Milimita moja hiyo haistahili kuharibiwa picha yote. Kaa kati ya f/8 na f/11, kina kingine kitafute kwa pembe ya kamera. Kipepeo aliyefunga mabawa mpige ubavuni, sensa ikiwa sambamba na bawa, na f/8 itamtosha kuanzia ukingo hadi ukingo. Nyuki naye mpige kwa mshazari mdogo, macho na kifua viwe karibu umbali mmoja.

Kuhusu pete, hesabu ni rahisi: gawa mm za pete kwa mm zilizoandikwa kwenye lenzi. Pete ya 36 kwenye lenzi ya 50 inakupa ukuzaji wa 0.72, ya 20 inakupa 0.4, na zote tatu pamoja, mm 68, zinakupa 1.36. Wanaoanza huunganisha zote siku ya kwanza kisha wanalaumu lenzi. Anza na ya 36 peke yake. Nyuki wa asali ana urefu wa mm 12 hadi 15, kwa hiyo atachukua robo hivi ya upana wa picha au zaidi kidogo, inayobaki utaikata kwenye kompyuta. Mbele ya lenzi utabakiwa na takriban sentimita 9, nafasi ambayo mdudu mtulivu anaivumilia. Ukiweka pete zote nafasi inapungua sana, na kivuli cha lenzi kinamwangukia kabla hujabonyeza.

Sasa uone kwa nini mwanga ndio kiini cha tatizo. Kwenye 1:1 sensa inapata robo tu ya mwanga ambao ingeupata ukipiga kitu cha mbali. Mtikisiko nao unakuzwa sawa na mdudu, hivyo kwa kushika mkononi unahitaji kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi, na kukiwa na upepo 1/500. Weka f/11 juu ya hapo, kivulini kamera itakudai ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 3200 kwenda juu, na chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa zinakula vinyweleo ulivyovifuata. Flashi inafuta mlolongo wote huo. Kwa 1/16 ya nguvu yake yote, flashi nyingi za juu ya kamera huwaka kwa muda mfupi kuliko 1/5000 ya sekunde, na muda huo ndio unaogandisha picha, si shata (pazia la kamera).

Anzia hapa: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), f/11, 1/200, ISO 200, na flashi nayo uipangie mwenyewe nguvu ya 1/16. Ikitoka nyeusi panda hadi 1/8, ikiungua shuka 1/32. Kasi usiizidishe kupita ile ambayo kamera yako inakubaliana na flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250, la sivyo sehemu ya picha itatoka na utepe mweusi.

Flashi tupu lakini haifai. Mgongo wa mbawakawa ni kioo, na taa ndogo itaonekana pale kama tone jeupe lililoungua. Unahitaji kilainisha mwanga, na cha kutengeneza mwenyewe kinatosha. Chukua dumu la plastiki nyeupe, kata kipande cha karibu sentimita 20 kwa 25, toboa tundu la kuingia shingo ya lenzi, kikunje kiwe paa linaloinamia mbele ya lenzi. Kichwa cha flashi kielekeze mbele na chini. Kisha, na hapa wengi wanakosea, weka tabaka jingine jembamba jeupe karibu na kichwa cha flashi, na uache nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya matabaka mawili. La karibu na flashi linatawanya, paa la mbele linajaa mwanga lote. Ukiyabandika pamoja unapoteza mwanga bila kulainisha chochote. Kipimo chake ni gololi ya chuma: ipige picha uitazame. Ukiona doa dogo kali katikati ya weupe, ongeza nafasi. Ukiona utando mpana mweupe usio na doa, kipo tayari. Paa likaribie mdudu, sentimita 5 hadi 8 hivi, maana taa ikiwa mbali inakuwa ndogo tena machoni pake.

Nyuma ya mdudu kukitoka kweusi tititi, ni kwa sababu mwanga wa flashi unafifia haraka kwa umbali. Chagua mdudu mwenye jani au ua sentimita chache nyuma yake, au panda ISO 800 ili mwanga wa mchana uingie kidogo.

Fokasi izime isijiendeshe yenyewe. Weka ukuzaji unaoutaka, halafu sogeza mwili mbele na nyuma taratibu, ubonyeze jicho la mdudu linapong'aa. Pale ambapo ua linafikika, shika kikonyo kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huohuo. Ua, mdudu na kamera vitayumba pamoja, na upepo hautakusumbua tena kama mwanzo. Kishike polepole, chini kabisa ya ua, kwa sababu mdudu anauhisi mshtuko wa kikonyo kuliko anavyokujali wewe.

Muda mzuri ni alfajiri, kabla jua halijawapasha joto, maana wadudu wengi hutegemea joto la nje ili wasogee. Kereng'ende mwenye umande atakusubiri. Kumtia mdudu kwenye friji ili atulie sikubaliani nako kabisa: anaumia, na picha yenyewe inamsema, miguu imejikunja na vipapasio vimelegea.

Maua ni rahisi kidogo, isipokuwa rangi. Ua jekundu linaunguza mkondo mwekundu (sehemu ya picha inayobeba rangi nyekundu) wakati kipimo cha jumla kinasema picha iko salama, na petali zinatoka bapa, bila mishipa. Tazama histogramu ya rangi tatu (mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga wa kila rangi), punguza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu), piga RAW, yaani faili ghafi. Ua jeupe likijaza fremu ongeza stopu 1, vinginevyo litakuwa la kijivu.

Lenzi ya mm 100 itakuwa na maana siku utakapowataka wanaokimbia: vipepeo mchana na kereng'ende waliokwisha kupata joto. Kwenye 1:1 inakuachia takriban sentimita 14 mbele ya kioo chake, na nafasi hiyo ndiyo utakayokuwa unailipia.